Chungu cha Maharage Alichokitoa Babu Yako

Tunduma, jioni

Mwanangu Lusekelo,

“Askari mzuri hutii kwa mkono, huhurumia kwa moyo.” Mjomba wako Ezekia aliyasema hayo juzi kule Ihanda, kwenye sherehe ya kukuaga, amesimama katikati ya wageni na paja la kuku mkononi, na watu wakampigia makofi. Nawe ulipiga. Nilikuona. Halafu akaongeza, “Ndiyo maana ya shairi la baba. Nyumba aliichoma kwa sababu aliamriwa, chungu alikitoa kwa sababu alikuwa mtu. Nenda, mjomba, ukawe kama babu yako.”

Ni uongo. Ezekia ni ndugu yangu, tumelala mkeka mmoja, na simwiti mwongo. Lakini alilolisema ni uongo, tena uongo mtamu, wa aina ile ambayo mtu mwema huumeza haraka kuliko mtu mbaya. Ndiyo maana nimeingiwa na hofu ambayo haijanitoka tangu juzi.

Sikumjibu pale pale, na unajua kunyamaza si ugonjwa wangu. Baba yako alinikanyaga mguu chini ya meza. Siku ilikuwa yako, na wazee wa Mbebe walikuwa wametoka mbali. Nikatafuna wali. Sasa najibu hapa, ambapo baba yako hafikii mguu wangu. Yuko uani anakupigia viatu dawa. Nadhani anavipiga kwa mara ya tatu, maana hajui afanye nini kingine. Wewe umetoka kuaga wenzako, na mimi nimefunga duka mapema. Mama mmoja, bamayo kama wanavyoitana upande wa Zambia, amekuja kutaka madaftari, nimemwambia tumefunga, akaniangalia usoni akaondoka bila kubishana. Sura yangu jioni hii si ya kubishana nayo.

Habari za blanketi, sabuni, na kuamka mapema, sitakuandikia. Shangazi yako amekwisha kuzisema zote, nyingine mara mbili. Nataka tuzungumze habari ya shairi, kwa sababu kesho unaondoka na tafsiri mbovu ya shairi kichwani. Watu watacheka wakisikia mama anamwandikia mwanawe anayekwenda jeshini habari za shairi. Wacha wacheke. Wengi wa wanaocheka hawajawahi kusoma shairi lolote hadi mwisho.

Babu yako unamkumbuka kidogo tu, mzee wa koti la kijivu aliyekuwa akikupa punje za kahawa mbivu unyonye utamu wake. Alipokuwa kijana hakukuwa na koti wala kahawa. Aliandikishwa katika jeshi la Mwingereza, akapelekwa Kenya, miaka ile ya vita vya msituni. Mtu mweusi akatumwa kupigana na watu weusi waliodai ardhi yao. Aliporudi alipanda kahawa, akaoa, akanunua redio, na kwa kusikiliza malenga wa redioni akajifunza kutunga. Alitunga mashairi mengi ya harusi na ya kumkejeli karani wa mizani ya kahawa. La vita alitunga moja tu. Hakuwahi kuliandika. Alilisema akiwa anageuza kahawa kwenye vichanja, mikono ikiwa na kazi, na sisi watoto tulilishika hivyo hivyo, kwa masikio:

Niliingia nyumbani, bunduki iko begani,
Mwenyewe hayumo ndani, kakimbilia porini,
Chungu chacheka jikoni, maharage mafigani,
Nani kayaweka, nani? Nani atayaepua?

Amri ilishatoka, kila paa litawaka,
Na sajenti alifoka, hana muda wa kucheka,
Moyo ulitetemeka, kiberiti nikashika,
Nani kayaweka, nani? Nani atayaepua?

Chungu nikakiepua, uwanjani nikatua,
Wala sikukifunua, yaliyomo nayajua,
Nikaiomba mvua, mbingu ikatoa jua,
Nani kayaweka, nani? Nani atayaepua?

Linaishia hapo. Ukilisoma uone lisichosema. Linasema habari za chungu, halisemi habari za nyumba. Kiberiti kinashikwa katika ubeti wa pili, na katika ubeti wa tatu hakitajwi tena.

Mimi nilikuwa na hakika kwamba hakikuwashwa. Nilikuwa msichana, nilikuwa nasoma kila karatasi iliyopita mikononi mwangu, hata zilizofungiwa vitumbua, na nilitaka baba shujaa. Nikaamua kwamba askari yule alitoa chungu, akasimama pale uwanjani akiomba mvua, akamtazama sajenti usoni na kukataa. Hakuna mahali shairi linasema hivyo. Niliyaongeza mimi. Nilipokuwa mkubwa nikaenda nalo redioni, ile redio yetu ya jamii, nikalisoma hewani na kulieleza: tazameni, Mnyiha wa Ihanda alimkatalia Mwingereza! Mwalimu mmoja alipiga simu studio akasema, “Mama, mbona shairi lenyewe halisemi kwamba alikataa?” Nikamshambulia. Nilimwita kibaraka wa wakoloni mbele ya wilaya nzima. Alikuwa amesoma vizuri kuliko mimi, basi. Nilishinda mabishano yale, na niliyashinda kwa kelele.

Babu yako alikuwa anasikiliza. Hakusema neno mpaka siku ya maharage.

Wewe ulikuwa mgongoni mwangu, hujaanza kutembea. Nilikuwa nimekwenda Ihanda kumsaidia bibi yako wakati wa kuchuma. Nilibandika maharage asubuhi, na katikati ya kuchemka ukaanza kulia njaa. Mafiga yalikuwa ya chungu kimoja tu. Nikayaepua maharage nikayaweka chini, ili nikupikie uji. Babu yako alikuwa amesimama mlangoni na fimbo yake.

“Rudisha hicho chungu!”

“Baba, ni kidogo tu. Mtoto ana njaa.”

“Rudisha, nimesema! Yatagoma!”

Nikacheka. “Baba, na wewe mambo ya maharage umeyajua lini? Hata chumvi inakaa wapi hujui.”

Bibi yako naye akacheka kutoka uani. Babu yako hakucheka. Akaingia, akainama kwa shida na mgongo wake ule, akakibeba chungu mwenyewe kwa mikono mitupu, akakirudisha motoni. Vidole vyake viliungua. Nikamshika mkono, nikampaka mafuta.

Kila anayepika huku kwetu anajua jambo lile, nawe umelisikia kwangu mara mia: maharage yakianza kuchemka hayataki kukatishwa. Yakipoa kabla hayajaiva, yanagoma. Utayarudisha motoni, utachochea mpaka kuni ziishe, yatabaki changarawe. Lakini babu yako alikulia zama ambazo mwanamume hakanyagi jikoni. Alipoingia nyumba ile kule Kenya na kiberiti, alikuwa hajui.

“Aliyenifundisha ni mama yako,” aliniambia, amekaa kwenye kigoda changu na vidole vikimeremeta mafuta. “Mwaka ule tulipooana. Nilitaka kuota moto, nikakisogeza chungu chake chini. Akanigombeza: wewe mwanamume, ukishayapoza ndiyo basi, tutalala njaa. Nikatoka, nikaenda kukaa katikati ya mibuni. Sikumwambia kwa nini.”

“Kwa nini, baba?”

“Kwa sababu mpaka siku ile nilikuwa na faraja yangu. Nilikuwa najiambia: yule mama alirudi jioni, akakuta chungu chake uwanjani, watoto wakala. Kila nikikumbuka moto, nilikuwa nakumbuka na wale watoto wanakula. Kumbe hawakula. Niliwaachia changarawe.”

Nikamuuliza, na hata sasa naona aibu kwa jinsi nilivyouliza, nikitumaini bado. “Lakini nyumba hukuichoma.”

“Niliichoma.”

“Mzungu alikulazimisha.”

“Mzungu, yule ofisa, alikuwa kwenye gari, barabarani. Kiberiti kilikuwa mkononi mwangu.”

“Basi chungu ulikitoa kwa huruma.”

Hapo, Lusekelo, ndipo aliposema neno ambalo mjomba wako hajawahi kulisikia, maana yeye alikuwa bado askari, na siku hiyo alikuwa kambini kwake. Babu yako alisema: “Hapana, mwanangu. Nilikitoa ili niweze kuwasha. Chungu kikiwa ndani, mkono ulikataa. Nilijaribu, njiti ya kwanza ikazimika, ya pili ikazimika. Nikakitoa nje. Kilipokaa pale uwanjani, mkono ukakubali.”

Hiyo ndiyo tafsiri. Sikuitunga mimi, na wala haihitaji shule. Ezekia anasema mkono ulitii na moyo ukahurumia, kana kwamba ni vitu viwili vinavyokwenda kila kimoja na njia yake. Baba alisema huruma ndiyo iliyousaidia mkono kutii. Bila chungu kile kutoka nje, nyumba ile pengine isingewashwa naye. Wema wake mdogo ulikuwa ndio mlango alioupitia kwenda kwenye ubaya mkubwa. Hilo ndilo alilokuwa analigeuza kila siku pamoja na kahawa yake, na hakuna aliyemwelewa, hata mimi niliyekuwa nikilipigia kelele redioni.

Na unajua nilifanya nini baada ya siku ile? Sikurudi redioni kusahihisha. Sikumtafuta yule mwalimu. Nililiacha shairi. Lilipokuwa fimbo ya kuwachapia watu nilikuwa nalo kila mahali. Lilipogeuka kuwa kweli, nililiweka kando. Babu yako akafa miaka mitano baadaye, na hakuna aliyelisoma msibani. Ndiyo maana Ezekia ameliokota na kulitafsiri anavyotaka. Nilimwachia njia wazi.

Jana amekuja dukani kuniletea mahindi mabichi, nikamshika hapo hapo kabla hajakaa. Nikamweleza neno la baba. Akavua kofia, akakaa juu ya boksi la vitabu. Kisha akasema, “Dada, wewe vita umevisoma kwenye vitabu.”

“Na wewe umevisoma wapi? Miaka yote ulikuwa stoo unagawa mabuti.”

“Hata mabuti yana nidhamu yake! Usinidharau.” Kisha akaacha utani. “Sikiliza. Kijana akianza kuchagua amri, leo hii naitaka, ile siitaki, atawaua wenzake. Kuna siku amri ni ‘lala chini’, na ukikaa kuifikiria, umekwisha.”

Hapo ana hoja, na nakuandikia kwamba ana hoja, maana nimezeeka vya kutosha kuacha kushinda kwa kelele. Ukiambiwa lala chini, mwanangu, lala. Ukiambiwa kimbia, kimbia. Simzungumzii askari anayebishana na kila neno. Mtu huyo ni mimi, na mimi nisingefaa jeshini hata nusu siku.

Nikamwambia Ezekia, “Kulala chini na kuchoma nyumba ya mama aliyekimbilia porini si amri za aina moja, na wewe unajua. Sheria za vita zenyewe zinajua. Nimezisoma. Haziruhusu mtu kumuua asiye na silaha halafu ajifiche nyuma ya aliyemtuma.”

“Sheria zipo,” akasema. “Ila sajenti akiwa mbele yako, sheria iko mbali sana, dada.”

“Ndiyo maana namwandikia kabla hajawa mbele ya sajenti.”

Akainuka. Mlangoni akageuka. “Na kama baba angekataa? Wangemfunga, na nyumba wangeichoma vilevile. Ungefaidika nini?”

Akaenda zake. Najua tu kwamba mwaka baada ya mwaka babu yako aliyageuza maswali yote ya shairi lile, na hilo la faida hakuwahi kuliuliza. Hakuuliza kama nyumba ingeungua bila yeye. Aliuliza nani ameyaweka maharage yale, na nani atayaepua. Alikuwa anamfikiria yule mama.

Sasa nifike kwako, maana mpaka hapa ni kama nakwepa.

Ulipokuwa kaka mkuu pale sekondari, mwalimu wa zamu alikupa fimbo uwachape vijana wa kidato cha kwanza waliochelewa kwa sababu ya mvua. Daraja lilikuwa limefunikwa na maji, kila mtu alijua, na mwalimu alijua. Ulirudi nyumbani likizo ukanieleza mezani. Nakumbuka maneno yako yote: “Niliwachapa taratibu, mama. Ningekataa, fimbo angepewa kiranja mwingine, angewaumiza. Mmoja aliniambia asante.”

Nami nikafurahi! Nilimwambia baba yako, umesikia mtoto wetu alivyo na busara? Nikakuchinjia kuku. Baba yako, mtu wa maneno machache, akasema tu, “Kwani walikuwa na kosa gani?” Nikamwambia asiharibu chakula.

Lusekelo, nilikuwa nimekwisha kusikia kauli ya babu yako kwa masikio yangu. Nilikuwa nimeviona vidole vyake vimeungua. Na bado mwanangu aliponiletea chungu chake mezani, nilikisifia na kukipamba. Watoto waliolowa mvua walichapwa. Walichapwa na wewe. Kwamba uliwachapa taratibu ilikusaidia wewe kuinua fimbo, haikuwasaidia wao kuwa na kosa. Na yule aliyekwambia asante, huyo ndiye anayenisumbua kuliko wote. Ulimfundisha kushukuru kwa kuonewa vizuri.

Sikuandikii haya ili ujione mbaya. Ulikuwa na miaka kumi na minane, na mwalimu alikuwa mbele yako. Nakuandikia kwa sababu ninajua wewe ni mtu wa namna gani. Mtu katili simwogopei akiwa jeshini, jeshi lina namna ya kumtambua na kumfunga. Ninamwogopea mpole. Mpole hutafuta njia ya katikati, na daima huipata. Tangu utotoni ulikuwa hivyo: ukigombana na dada yako ulikuwa unampa nusu ya andazi kisha unachukua mpira wote. Anayetaka kukutumia kwa jambo baya hatahitaji kukutisha. Atakuachia utoe chungu kwanza. Atakwambia, chukua muda wako, kijana, watoe na kuku ukipenda. Nawe utatoa kuku, utatoa chungu, utatoa na mkeka, utajiona mwema kuliko wote kikosini, kisha utawasha.

Nalijua hilo kwa sababu limeshanipata mimi pia, na mji mzima uliliona. Wakati ule nikiwa katika kamati ya soko letu dogo, nilisimama kwenye kikao nikahutubia kwamba wanawake wa nyanya waondolewe pembeni mwa barabara. Malori yanapinda pale, nikasema, siku moja yatawakanyaga. Hoja ilikuwa nzuri, na mimi nikiwa na hoja nzuri unanijua, sisikii chochote kingine. Hakuna aliyeuliza waende wapi. Mimi ndiye msomaji wa vitabu, ilikuwa kazi yangu kuuliza, sikuuliza. Asubuhi ya kuvunjwa vibanda nilikuja na birika kubwa la chai na beseni la maandazi. Niliwamiminia mmoja mmoja. Nilimsaidia Mama Neema, yule mwenye sauti nzito, kubeba matenga yake hadi ng'ambo ya barabara. Akanywa chai yangu yote, akanirudishia kikombe.

“Chai yako tamu, dada,” akasema. “Lakini bora ungekuja na nyundo peke yake, nikuchukie vizuri. Sasa hata kukuchukia nashindwa, na kibanda sina.”

Wenzake wakacheka. Nami nikacheka, nikadhani ni utani. Nilikuja kuuelewa nikiwa naosha kile kikombe.

Ukiniuliza, kama nisingekuwa na chai ile, ningethubutu kusimama pale na kuwatazama? Nadhani nisingethubutu. Ningebaki nyumbani, au ningerudi kwenye kikao nikapiga kelele upande wa pili. Chai ndiyo iliyonifikisha.

Madereva wanaoshuka kutoka Kongo huwa wanasimama dukani kwangu kununua kalamu na magazeti ya zamani, nao husimulia. Sikusimulii wanayosema, unayasikia mwenyewe. Nataka ujue tu kwamba kila wakisimulia habari ya kijiji kilichochomwa, sasa simuoni tena yule aliyekimbia tu, kama zamani. Namuona na yule aliyebeba kiberiti. Na tangu ulipoitwa, huyo anayebeba kiberiti nimeanza kumuona ana masikio yako, na ule mwendo wako wa kutupa mguu wa kushoto. Nimejaribu kumvisha sura nyingine. Haikai.

Utaniambia nchi yetu haina vita, na jeshi letu si la Mwingereza. Najua. Ezekia naye aliniambia. Ndiyo, bendera ni yetu, na najivunia kwamba mwanangu ataivaa begani. Lakini kosa langu la redioni lilikuwa hilo hilo, kudhani ubaya una bendera moja na ukiishusha umekwisha. Baba alinisahihisha kwa maneno machache: kiberiti kilikuwa mkononi mwangu. Anayekuamuru anaweza kuwa Mzungu, anaweza kuwa mtu wa Mbozi mnayesali kanisa moja. Mkono utakuwa wako.

Na pia utaniambia, mama, na wewe ungefanya nini pale mlangoni? Sijui. Naomba uliamini neno hilo kutoka kwangu, mtu ambaye huwa anajua kila kitu. Huenda ningewasha njiti ya kwanza kabla ya babu yako. Siwezi kukudai ushujaa ambao sina hakika nao mimi mwenyewe. Nikikudai hivyo nitakuwa naongeza tena kwenye shairi maneno yasiyokuwemo.

Ninachoweza kukudai ni kidogo kuliko ushujaa, na ni kigumu kidogo. Baba alifika kwenye ule mlango bila kuwa ameamua chochote. Alikuwa anaamua pale pale, njiti mkononi, sajenti nyuma yake, na mtu anayeamua wakati huo huchukua chochote kilicho karibu. Chungu kilikuwa karibu. Kama angefika akiwa na neno moja alilokwisha kulisema nyumbani, mbele ya watu waliomzaa, sisemi angeshinda. Nasema angekuwa na kitu cha kushika.

Kwa hiyo sikilizeni, ninyi wawili, maana najua utamwonyesha mjomba wako barua hii, na yeye ndiye atakayekupeleka stendi.

Ezekia, usimwambie tena mtoto wangu kwamba anaweza kutii ubaya na kubaki msafi kwa sababu ya huruma yake. Ulimwambia mbele ya watu, basi njiani mwambie umekosea, hata kama mtakuwa ninyi wawili tu na dereva.

Nawe Lusekelo, kesho kabla hujapakia begi, njoo usimame mbele yangu na baba yako, mjomba wako akiwa anasikia, na utaje amri moja ambayo hutaitii. Moja tu, kwa maneno yako, si yangu. Usinieleze jinsi utakavyoitimiza kwa upole. Wala usijaribu kunipendeza kwa kutaja ile ya nyumba kwa sababu umeisoma hapa, nitajua. Tafuta yako. Una usiku mzima wa kuitafuta, na basi halitaondoka bila wewe, nimekwisha kuzungumza na kondakta.

Itaje kwa sauti, nami nitakusindikiza.

Mama yako